Mkono Usio na Gumba

Alfajiri, umande ungali unadondoka
kwenye miti ya ramoni, mimi na Eligio Canché
tumesimama chini, shingo zimekakamaa, penseli mdomoni.
Jana walilala kumi na tisa. Leo wako wanne.
Wengine? Msitu ndio unaojua.
Hugawanyika kama chenji ya sokoni,
wawili huku kwenye matunda, watano kule,
na jioni, labda, wanajumlishwa tena.
Mwanzoni nilidhani ni mimi nisiyejua kuhesabu.

Sisi humwita ma'ax.
Mikono mirefu kupita haja, tumbo la mlevi,
na mkia, huo mkia! Nchani, upande wa chini, hauna manyoya:
ngozi tupu yenye mistari kama kiganja changu.
Huning'inia kwa huo mmoja, mikono yote ikila.

Kidole gumba hana.
Kidole kimoja, wanasema, hakivunji chawa;
yeye anavyo vinne na chawa bado wanamshinda,
basi kuchambuana nywele kawaachia kima wengine.
Wakikutana baada ya siku mbili
hukumbatiana, hunusana vifuani, kimya,
kama wanaoulizana: ulikula nini, ulikuwa na nani?

Tunda humeza na kokwa yake,
kesho huidondosha mbali, na mbolea juu.
Kofia ya Eligio imeshapandwa mara tatu.

Yule jike mwenye kovu juu ya jicho nilimwita Chabela.
Mwezi mzima amekaa pembezoni,
akitazama upande wa ziwa.
Madume hubaki walikozaliwa; majike huondoka.
Jumatatu hakuonekana. Jumanne. Eligio akaandika: hayupo.
Nikamwambia, futa, andika: amehama.
Akanitazama, yeye aliyezaliwa hatua mia kutoka hapo:
"Tofauti iko wapi, Nazaria?"

Sikumjibu.
Kijiji hiki nilikijia na miaka kumi na minane,
na boksi la nguo, na cherehani.
Wanawake wa hapa walinipa mgongo hadi mvua za pili.

Ng'ambo ya ziwa kuna kundi lisilomjua.
Majike watamkimbiza tawi hadi tawi,
atakula walichosaza,
hadi siku mmoja wao amnyooshee mkono
usio na gumba.
Au asimnyooshee.

Nimechonga penseli mbili za ziada.
Kesho nalizunguka ziwa.