Midomo

Filamu ni ya kimya, ina miaka mia kasoro miwili,
ngano ya binti wa kinu aliyeolewa na korongo:
mchana ndege, usiku mume,
na kila alfajiri unyoya mmoja mtoni.
Sisi tumeitungia opera.
Waimbaji watano, fidla, zumari, ngoma moja kubwa,
chini ya kitambaa cheupe
katika ukumbi wa Dundee uliokuwa sinema, ukawa wa bingo,
na sasa unanuka rangi mbichi na chipsi za duka la jirani.

Kazi yangu ni taa.
Nyekundu: jiandae. Kijani: imba.
Nakaa na fundi Struan Gow kwenye kijichumba cha projekta,
nahesabu kwa vidole,
nane, kituo, nane,
kama mwalimu Shemhilu alivyotufundisha Muheza kupima mshororo.
Kule mizani ikizidi moja ulipata alama nyekundu.
Hapa ikizidi moja
binti anafumba mdomo na sauti bado inatoka,
na watu wanacheka.

Wakati ukuta, walisema,
nao hawakukiona kitambaa hiki.
Mwimbaji popote hupumua anapotaka,
wapiga fidla wakamsubiri.
Binti wa kinu hasubiri mtu.
Alishapumua. Alishazikwa.
Rhona Duthie hana budi kuvuta hewa
pale pale alipoivuta marehemu.

Wiki tatu tulishindwa mahali pamoja:
ukanda wa tano, darajani, kabla korongo hajaruka.
Maandishi yanasema, Nitakungoja hata mto ukauke.
Rhona anaimba hivyo. Isobel Geddes anagonga kifimbo: tena.
Tena.
Maneno yanamkaa binti kama kofia ya kuazima.
Tukafupisha nota, tukairefusha.
Struan akasema labda ukanda ulikatika zamani, ukaungwa vibaya.

Aliyeleta chai ni Bi Netta Lochrie,
themanini na minane, mfumaji wa juti tangu ana kumi na mitano,
mpaka mitambo ikamla masikio.
Mle kiwandani, alisema, hakuna aliyemsikia mwenziwe;
umbea, posa, matusi kwa msimamizi,
vyote tulivisoma midomoni.
Akasimama na trei yake, akamtazama binti mara moja.

“Hasemi hivyo.”

Isobel akageuka.

“Anasema: Maliza, Tam. Maji yameingia kiatuni.”

Tulicheka mpaka Rhona akakaa sakafuni.
Halafu kicheko kikatuishia.
Ule ni mto kweli. Miti haina jani.
Gauni la harusi limelowa hadi magotini,
na Tam, yeyote alivyokuwa,
anazungusha mkono wa kamera bila haraka.
Miaka yote hiyo amekuwa akimwambia,
na sisi tunamwekea mapenzi mdomoni.

Siku mbili za ubishi. Mtunzi alipigiwa simu Leeds, akakata.
Tukiimba kiatu, ngano imekufa.
Tukiimba ahadi, basi, tunajua tunachokifanya.
Mimi niliigeuza Kiswahili kimoyomoyo, nikahesabu:
mizani kumi na sita kamili,
ingawa kina cha kati hakipo.
Mwalimu angenikata alama.

Usiku wa kwanza, mvua, makoti yamelowa mapajani mwa watu.
Tulipofika darajani sikuwasha kijani.
Nyekundu tu.
Isobel alishusha mikono.
Rhona alifumba mdomo, akamwinulia binti uso.
Projekta ikakoroma.
Mtu akakohoa, mwingine akapekua karatasi ya ratiba,
wakidhani tumepotea.
Safu ya tatu, Bi Netta alikuwa akitikisa kichwa taratibu,
kama unavyomwitikia mtu anayekulalamikia jikoni.

Kisha ngoma. Korongo akaruka.

Struan, bila kugeuka,
aliniuliza kama balbu ya kijani imeungua.