Hakuna Tendo

Usiku nalikuwa nikilipwa kwa dakika,
ghorofani Sabasaba, juu ya duka la betri za magari,
feni ikikoroga joto la Machi kama uji usiotaka kuiva,
nami nikitazama matumbo ya watu nisiowajua.

Kazi yenyewe nyepesi kuieleza:
video za upasuaji wa nyongo, hazina sauti, hazina jina la mtu,
na pembeni orodha ya maneno saba.
Kuandaa. Kuchambua. Kubana na kukata.
Kubandua kwenye ini. Kutia mfukoni. Kusafisha. Kutoa.
Kila sekunde uipe jina lake
ili kompyuta ijifunze kuona,
kama mtoto chuoni: hii alifu, hii be, hii te.

Na chini kabisa, la nane, kwa herufi za kijivu:
Hakuna tendo.

Mchana nalikuwa mle mle ndani.
Miaka kumi na mmoja kuumeni kwa daktari,
nikipokeza mkasi kabla haujaombwa.
Nalijua ini zima linavyong'aa, kama zambarau iliyooshwa,
na ini la mlevi, na ini la mtu aliyechelewa kuja.

Usiku wa tatu nikamtambua mtu.
Mikono haionekani mle, ni ncha za vyuma tu,
lakini mja hujulikana kwa mwendo wake.
Chuma kilichougusa utando mara mbili kabla ya kuuvuta,
mfano wa mgeni anayebisha hodi,
kilikuwa cha Daktari Mwachiro, si cha mwengine.

Alibisha. Akavuta. Kisha akakoma.
Sekunde arubaini na moja
chuma hakikwenda mbele wala nyuma,
ini likipanda na kushuka kwa pumzi ya mwenyewe.

Nalikuwepo siku ile.
Tulitarajia mirija miwili, tukaona mitatu.
Ukikata usio wenyewe, mtu huamka na macho ya manjano,
au haamki.
Jasho lilimfika kwenye nyusi, nikampangusa.
Akasema polepole, si kwangu, si kwa yeyote aliyekuwa chumbani,
akiuambia ule mrija wa kati:
"Wewe nawe ni nani?"

Sasa hapo niandike nini?
Palikuwa na nafasi ndogo ya maoni. Nikaandika: Anafikiri.
Asubuhi ikarudi, imepigwa mstari mwekundu:
Tafadhali chagua kati ya yaliyopo.
Kodi ya Kisauni ilikuwa mwezi wa pili.
Nikachagua.
Hakuna tendo. Hakuna tendo. Hakuna tendo.
Mara arubaini na moja.

Mwaka huu mashine imeletwa kwetu.
Kioo kimetundikwa juu ya kichwa cha mgonjwa,
na maneno yangu saba hupita pale kwa herufi nyeupe.
Haki yake nitaipa: haikosei sana.
Juzi ilimwandikia mwanafunzi *Kusafisha*
kabla yeye mwenyewe hajang'amua kuwa damu imemzidi.
Hata moshi ukitanda, yenyewe hujua ilipo.
Naiona ikipatia, na moyo hunifura
kama mzazi aliyekaa nyuma siku ya zawadi.

Jumanne, Daktari Mwachiro alibisha hodi, mara mbili.
Akavuta. Akakoma.
Sekunde ya tano kioo kikamwandikia, wazi, bila haya:

Hakuna tendo.

"Ala!" akasema, asiinue macho.
"Nani aliyekifunza hiki kidude kunitukana?"
Wakacheka wote, hata Kadzo wa dawa ya usingizi,
ambaye hacheki kabla ya saa nane.
Mrija ukajitambulisha. Klipu ikaombwa.
Nilikuwa nimekwisha kuishika.

Mwisho wa kazi nikahesabu vitambaa mezani.
Kumi na sita, kumi na saba, kumi na
nikapotea.
Nikavitandaza upya vyote.
Moja.