Nililaumu Chumvi

Miaka kumi na tisa nimeingia ziwani Katwe,
maji makali yakinifika kiunoni,
nikivunja mwamba wa chumvi kwa mtalimbo.
Ukiwa na mchubuko, ziwa huujua kabla yako.
Kwa hiyo jogoo aliposhindwa kupanda mtungi
sikumtafuta mshitakiwa mbali.

Nilisema: ni chumvi.
Baluku naye akasema ni chumvi,
maana nilimwambia habari za "mtu fulani."
Tukamcheka sana huyo mtu fulani.
Mimi nilicheka kuliko wote.

Nyumbani nikajifunza ufundi wa kuchelewa:
kutengeneza taa isiyoharibika,
kuhesabu magunia niliyokwisha kuyahesabu.
Kabugho akilala, naingia kama mwizi,
na yeye, ambaye hakuwa amelala,
ananisogezea blanketi.

Nikatafuna mulondo wa soko la Kasese
mzizi baada ya mzizi, mpaka ulimi ukafa ganzi.
Nikanunua kidonge cha buluu kwa kijana wa boda,
alikitoa ndani ya soksi.
Moyo ukapiga ngoma za harusi,
bwana harusi hakutokea.

Kabugho ndiye aliyewaona sisimizi.
Nyuma ya nyumba, pale nilipokojoa usiku
(mara nne, mara tano, kumbe alikuwa anahesabu)
wamepanga foleni kama watu wa posho.
"Thembo," akasema,
"tangu lini sisimizi wakafuata chumvi?"

Tabibu Masika ni wa umri wa binti yangu wa pili.
Nikasema mgongo unaniuma. Akaandika mgongo.
Nikasema na magoti. Akaandika magoti.
Kisha akaweka kalamu chini, akauliza
kwa sauti ya kuulizia bei ya viazi:
"Alfajiri ukiamka, huwa inasimama yenyewe?"
Nikaitazama kalenda ukutani.
"Zamani," nikaiambia kalenda.

Akanichoma kidole. Mashine ikasema kumi na saba.
Sukari.
Mimi, mtu wa chumvi, natembea na sukari.

Akanichorea mishipa nyuma ya karatasi ya mgongo.
"Kinachosimamisha ni damu.
Njia ikisinyaa, hata hamu iwe mlima, damu haifiki.
Na mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo,
hulalamika mapema.
Ushukuru imelalamika."
Nilikuwa nimeitukana miaka miwili.
Sikujua niiombe radhi vipi.

Vidonge asubuhi na jioni. Waragi basi, soda basi.
"Ile dawa ya buluu ipo, tutaifikia,
nikishapima presha na moyo,
na haitatoka kwenye soksi.
Mkeo aje siku moja."
"Yuko nje," nikasema, "kwenye benchi."
"Basi aingie."
Akaingia. Akajibu maswali yangu yote
kabla sijaamua kudanganya.

Huu ni mwezi wa saba. Mashine inasema nane, mara nyingine tisa.
Kuna usiku wa ndiyo, kuna usiku wa hapana.
Usiku wa hapana Kabugho huleta taa (ile ile nzima)
anachunguza nyayo zangu kama alivyoagizwa,
maana sukari huficha vidonda na ziwa huvitafuta.
Hupitia kidole baada ya kidole, anapaka mafuta, ananigombeza.
Juzi, alipofika kidole cha mwisho,
tukasahau habari ya miguu.

Jana Baluku alibaki nyuma wenzetu walipopanda.
Alikuwa anakwangua mtalimbo wake usio na uchafu.
"Yule mtu fulani," akaanza, "alipona?"
Sikucheka.
"Wanafungua saa mbili," nikamwambia.
"Anza na mgongo."