Ufito wa Saa

Mjomba Isbrand alilitamka kama mtu anayetema kokwa:
Papendikjel.
Sisi watoto tulidhani ni jina la mtu,
jirani fulani mnene aliyebaki Urusi,
na usiku, tukisikia ta, ta, ta ukutani,
tulinong'ona: huyo, bado anatembea.

Kumbe ni ufito wa chuma na kisahani cha shaba.
Saa yetu haina sanduku.
Ufito unaning'inia wazi, unapangusa chokaa,
na kila nyumba tuliyohama
imebaki na mwezi mchanga ukutani.

Bibi Aganetha aliuleta Chihuahua kutoka Manitoba
ndani ya gunia la shayiri, mbali na saa yake,
kama watenganishwavyo watoto wagomvi safarini.

Mwalimu Wieler akasema neno lile si letu.
Ni la Kilatini, likapita kwa Wajerumani wa mijini,
na lilipoingia jikoni kwetu
lilikuwa limekwisha kupoteza kiatu kimoja.
Maana yake ya kwanza ni timazi:
uzi wa mwashi wenye risasi nchani,
unaoshushwa kando ya ukuta
ili uuambie, hapa umeinama.

Nilikasirika siku nzima.
Timazi kazi yake ni kutulia!
Hii yetu ikitulia, Bibi anatafuta miwani
na kuuliza ni nani kaigusa.
Nani alikipa jina la kunyooka
kitu kinachokwenda upande mmoja, kikajuta, kikarudi?

Halafu nikawafikiria wazee wetu,
waliotaka mstari mmoja tu, kutoka mbinguni hadi shambani.
Kwa ajili ya mstari huo tuliyaacha mabonde ya Vistula,
tukaiacha nyika, tukaiacha theluji,
na juzi binamu zangu wamefunga mizigo.
Bolivia, wanasema. Huko kumenyooka.

Bibi alikufa Februari, tukipogoa mitofaa.
Mjomba akapanda kiti na viatu vyake vya matope
(siku nyingine angefokewa),
akaushika ufito kwa vidole viwili,
akauachia polepole.

Haukwenda popote.
Ulining'inia wima juu ya ule mwezi wa chokaa,
nami nikasogea, nikafumba jicho moja kama mwashi,
nikaona kwa mara ya kwanza
jinsi ukuta wetu ulivyoinama.