Neno la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Vitabu ni kumi na viwili, watoto thelathini na wanne.
Husoma watatu watatu, vichwa vikigongana,
na aliyekaa katikati ndiye mwenye haki ya kufunua.
Karatasi zimevimba kwa unyevu wa mvua za Julai.
Humo hamna sungura, hamna mfalme, hamna binti wa mfalme.
Mna mto tu, umechorwa kutoka juu,
na mishale midogo inayoonyesha maji yanakokwenda.
Nyuma kabisa pana sherehe, si ile ya ngoma na wali:
orodha ya maneno magumu, kila moja na maana yake.

"Hadithi inaanzia wapi?" Budheswar aliuliza siku ya kwanza.
Haianzi, nikamwambia. Fungua popote.
Alinitazama kana kwamba nimemwambia
aingie nyumbani kwao kupitia dirishani.

Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa:
maneno kumi ubaoni, maana kumi, nakilini, karirini.
Jumatatu waliyaimba.
Ijumaa yalikuwa yameyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi,
ila mchuzi wenyewe haukukolea.

Sasa tunaliacha neno lijitokeze.
Mashapo lilijitokeza ukurasa wa nane,
chini ya picha ya bilauri ya maji machafu.
Tukachota bilauri yetu mtoni, tukaiweka dirishani,
tukaendelea na hesabu za kugawanya.
Kufika saa sita, tabaka la mchanga lilikuwa limelala chini,
unene wa kidole, na juu yake maji meupe.
"Yamechoka kusafiri," alisema Rupali.
Sikuandika maana ubaoni. Ilikuwa pale dirishani.

Kina. Mkondo. Changarawe.
Huyachukua kwenda nayo nyumbani,
kesho huyarudisha yana alama za vidole:
"Mwalimu, chai ya bibi ina mashapo."
"Mwalimu, Budheswar hana kina."
La pili lilimfanya Rupali afagie darasa.
Kimoyomoyo nilimpa alama zote.

Kisha ukurasa wa kumi na tisa: mmomonyoko.
Neno linalobomoka mdomoni, mmo-mo-nyo-ko,
silabi moja moja ikitumbukia majini.
Darasa zima lilicheka, isipokuwa Labanya Pegu.
Alisoma aya ile mara tatu, kidole chini ya mstari:
kwenye kizingo, maji huchimba ukingo kutoka chini;
sehemu ya juu hubaki ikining'inia, halafu huanguka.
Akainua uso.
"Kumbe huanzia chini."

Nyumba yao ya nguzo za mianzi
imehamishwa mara tatu tangu azaliwe.
Ndivyo tulivyo hapa Majuli, kisiwani.
Shule hii yenyewe ni ya pili kwa jina lake;
ya kwanza imo mtoni, pamoja na kengele.

Jioni ile alimweleza baba yake.
Tularam hakubisha. Alimaliza kupasua mwanzi, akasema:
"Sisi husema mto umeota meno.
Usiku weka sikio sakafuni, utausikia ukitafuna."
Asubuhi Labanya aliniletea sentensi hiyo
kama mtu aletaye yai, kwa viganja viwili.

Kwenye karatasi ya ukutani niliandika mmomonyoko,
na kando yake, kwa kalamu ileile: mto umeota meno.
Rupali akataka kujua lipi ndilo sahihi.
Labanya alinitangulia kujibu:
"Hili ni la fomu. Hili ni la usiku."

Naam, fomu zilikuja, na karani mwenye mwavuli.
Sababu ya hasara: mstari mmoja mtupu.
Tularam alimpa binti yake kalamu.

Jibu halijaja.
Sisi tumefika ukurasa wa ishirini na sita, kwenye delta.
Labanya ana daftari lake la pembeni, lenye tarehe:
Jumamosi, ukingo umerudi nyuma hatua nne.
Alitusomea jana, akisimama wima.
Budheswar akanyoosha mkono:
"Hatua za nani? Zako ni fupi."
Tukaenda kutafuta kamba.