Liwali na Mrehani

Naanza bila makeke,
nieleze niridhike,
habari za paka wake
Mwanahija, Kibokoni.

Jina lake ni Liwali,
mwendo wake wa fahali,
na sikio si kamili,
liliraruka vitani.

Hodi yeye haijui,
mlango hautumii,
ukuta haumzui,
hushukia mabatini.

Mimi natunga vikuba
vya harusi na mahaba,
mtaji wenyewe haba:
makopo ya mrehani.

Makopo kumi na sita,
ya rangi na ya mafuta,
kando kando ya ukuta,
penye kivuli uwani.

Asubuhi nikitoka
udongo umefukuka,
na harufu imezuka
hata haisemekani.

Juzi kaja Bi Hafusa,
kikuba akakinusa,
kisha akadai pesa,
akakitupa jaani.

Mwanangu yule Shekuwe
kanena: "Sumu itiwe,
ama tumpige mawe,
tumzike ufuoni."

Nikamwambia: "Nyamaa!
Roho si kama bidhaa,
kuidhulumu balaa
na mzigo kiyamani."

Kwanza nikamenya ndimu,
maganda yake magumu
nikayatia kwa zamu,
kopo na kopo, shinani.

Siku mbili akaacha.
Ya tatu, kulipokucha,
nikayakuta makucha
yamechorwa magandani.

Nikaenda kwa Mbaraka;
kahawa anayopika,
mashapo yakimwagika,
nikayazoa ndooni.

Liwali akasogea,
akanusa, kangojea,
kisha akajilalia
kama yu mkahawani.

Nikatafuta vifuu,
makombe makuukuu,
nikaviweka kwa juu
asichimbe udongoni.

Hapo akashindwa. Kumbe
hakukomeka kiumbe,
akatafuta na pembe
kwenye majivu jikoni.

Nikaketi, nikawaza:
si kwamba ananikwaza,
lipo linalomliza,
limemkuta nyumbani.

Kinu nikakisukuma,
juuye nikasimama,
nikachungulia nyuma
ya ukuta wa jirani.

Uwa wote ni saruji,
imelala kama uji,
hayapenyi hata maji
seuze ukucha ndani.

Mpera wakaukata,
mchanga wakaufuta,
Liwali naye kapata
choo kwangu makoponi.

Karai la zege, bovu,
nikalifuta kwa jivu,
kajaza mchanga mkavu
nilozoa Nyali pwani.

Nikapiga hodi mara
tatu, bila ya hasira;
Mwanahija kwa papara
kanikaribisha ndani.

"Haya yananipa haya;
nilijua, nikagwaya
kukwambia neno baya,
likabaki mtimani.

"Ni mwanangu wa Dubai
alotaka tujidai,
eti vumbi halifai
kwenye nyumba yenye shani."

Karai tukaliweka
mahali pa kufichika,
Liwali akazunguka
mara tatu, yu makini.

Kachimba, akafukia.
Sisi tukashangilia
kama waliosikia
bao huko uwanjani.

Mrehani kuchipuka,
Hafusa kaja, kacheka,
vikuba sita kataka
vya arusi ya Bondeni.

Cha saba nikakitenga,
Mwanahija akaringa;
Liwali akajisonga
kukinusa kifuani.

Akapiga chafya mbili,
akageuka Liwali,
asitupe hata swali,
akarudi karaini.