Mizani Yavuka Kwenda Ijwi

Jumamosi alfajiri, bandari ya Goma.
Mawe ya volkano yamelowa umande,
meusi, yanang'aa kama masufuria ya arusi.
Nimebeba mizani mgongoni, nimeifunga kwa kitenge
kama mtoto aliyegoma kutembea.

Murhula, karani wa boti, ananipima kwa macho.
"Huo ni mzigo. Lipa."
"Mzigo wa kilo ngapi?"
Anatazama huku na huku. Hana mizani.
Yangu tunaishusha, tunaizunguka, tunaiinamia:
mizani haijipimi.
Tunacheka. Nalipa nusu.

Ndani, akina mama wamekalia mabeseni matupu
yatakayorudi na mananasi.
Kuna godoro, kuna jogoo aliyefungwa miguu,
kuna kijana na betri ya gari mapajani,
ameikumbatia, hataki hata kupokea karanga.
Ziwa limelala. Bibi mmoja anasema
chini kule kuna hewa inayoweza kuwaka,
kisha anafungua kikapu, anakula sambaza zake,
kichwa kwanza.

Hapa niseme jambo ambalo sikumwambia Murhula:
mizani yangu huongeza kilo moja.
Ilianguka kwenye barabara ya Sake, mwaka ule wa kukimbia,
na mshale wake haukurudi tena kwenye sifuri.
Fundi wa Birere alitaka dola kumi.
Nikaiacha.
Franka mia mbili kila anayepanda,
na miaka yote hii hakuna aliyelalamika.
Watu waliokonda wanashuka wakitabasamu:
"Kumbe bado nipo!"
Nami napokea hela, natazama barabarani.

Maonyesho ya Bugarula ni uwanja wa mpira
uliozungushiwa kamba na majani ya migomba.
Kahawa imeanikwa juu ya mikeka,
asali imo ndani ya chupa za bia,
mashine ya kukoboa inanguruma bila kukoboa kitu,
na bwana wa kilimo ana kipaza sauti
kinachosema neno moja, kinanyamaza mawili.

Saa sita wananiita: shindano la nanasi.
La Ntamwira, kilo tano na nusu.
La mama Cibalonza, tano na robo tatu.
Makofi, vigelegele, jembe jipya lenye utepe.
Mimi kimya.
Uongo ukigawiwa sawasawa
nani ataushitaki?
Ntamwira amelibeba nanasi lake kwa mikono miwili
akaondoka nalo kama mtu anayetoka hospitali.

Jioni, uwanja ukiwa maganda tu na mbwa,
akaja msichana, Nsimire, na mtoto wa siku tisa.
Alitaka kujua uzito wa mtoto.
Nikasema mshale wangu hausomi vitu vidogo.
Akafikiri kidogo.
Akapanda naye: hamsini na nane.
Akanipa mtoto, akapanda peke yake: hamsini na tano.
"Basi tatu," akasema, akanyoosha mikono.

Sikumrudishia mara moja.
Nilikuwa nahesabu.
Kilo yangu ya uongo ilikuwa huku na ilikuwa kule,
ikajila yenyewe,
na kilichobaki katika mikono yangu,
chenye joto, chenye harufu ya maziwa na moshi,
zilikuwa kilo tatu kamili,
uzito wa kwanza wa kweli
nilioutoa tangu Sake.

Sikuchukua mia mbili zake.
Alidhani ni huruma. Aliudhika kidogo.

Jumapili boti imerudi imeinama upande wa mananasi.
Murhula kaja na tabasamu lake: "Leo nipime mimi."
Amepanda na viatu, na rejista, na funguo za bandari.
"Sabini na moja!" Anajipigapiga tumbo.
Nimefungua kinywa.
Mlima ulikuwa umeanza kuwa mwekundu juu ya mji,
injini ilikuwa inapiga kelele.

"Toa moja," nimesema.
"Nini?"
"Toa moja!"
Ameingiza mkono mfukoni, akanipa sigara.